Kabla ya Farasi, Tafuteni Saisi

Kabla mume na mke wenye ajira hawajanunua farasi jike wao wa kwanza, wamtafute saisi. Wamtafute kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo za ua, na kabla ya kwenda kwa chama cha akiba na mikopo kuomba fedha. Wakishampata, mshahara pekee hautoshi. Wakubaliane naye kwa maandishi kwamba farasi atakayezaliwa chini ya mikono yake na kuuzwa, sehemu ya bei hiyo ni ya saisi. Najua wengi watashtuka. Katika Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, mtunza mifugo hulipwa mwisho wa mwezi, hupewa chumba pembeni mwa boma na maziwa ya chai, basi. Kwa ng'ombe utaratibu huo umesukuma siku. Kwa farasi utawafilisi wenye mali, na kabla haujawafilisi utakuwa umemdhulumu mtu aliyelibeba shamba zima kichwani mwake.

Wazo lenyewe la kufuga farasi huku si la ajabu jinsi linavyosikika. Ukitoka mjini Nyeri ukapita Kiganjo kuelekea Naro Moru na Nanyuki, unaiacha nyuma migunda ya chai na kahawa ya Tetu na Othaya, na nchi inafunguka. Hapa ni Kieni, katikati ya Mlima Kenya na Aberdare, ambako mvua huwa haba na vipande vya ardhi ni vikubwa kuliko kule Mukurweini ambako ndugu wanagawana robo ekari. Nanyuki iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi na mbung'o hakuna. Ukipanda hadi Timau unakuta ngano na shayiri, na pamoja nazo mabua ya kutandika mazizini. Ranchi za Laikipia kama Borana na Ol Pejeta huwapandisha wageni farasi wakatazame wanyamapori. Nairobi kuna uwanja wa mbio wa Ngong na shule za kupanda farasi za Karen. Soko lipo, dogo na lenye watu wanaojuana, lakini lipo. Sioni kwa nini mwalimu na muuguzi wa Kieni wasiliingie.

Tena nadhani watu wa mshahara ndio wanaofaa. Maziwa ya asubuhi hupelekwa asubuhi hiyo hiyo, na mwisho wa mwezi malipo yanaingia. Ndivyo wakulima wadogo wa Mukurweini walivyoijenga Wakulima Dairy. Farasi hana mwisho wa mwezi. Mimba yake huchukua miezi 11. Mtoto ataachishwa ziwa akiwa na umri wa kama miezi sita, kisha atakula na kukua tu hadi atimize miaka mitatu au minne ndipo afundishwe kubeba mtu. Tangu jike alipopandwa hadi siku ya kuuza farasi anayepandika, karibu miaka mitano imepita. Asiye na mshahara wa kuvuka nao miaka hiyo atauza mapema, na atauza kwa hasara.

Ila mshahara huo huo ndio unaowaondoa nyumbani saa farasi anapowahitaji.

Tuchukulie mume anafundisha sekondari Naro Moru na mke ni muuguzi Nanyuki. Mke ana zamu za usiku, mume ana vipindi kuanzia alfajiri na muhula wa mitihani usio na huruma. Sasa waweke zizini farasi jike mwenye mimba. Farasi wengi huzaa usiku, tena huchagua saa ambayo mahali pametulia. Kuzaa kwenyewe ni kwa haraka: maji yakishavunjika, mtoto anatakiwa awe nje ndani ya nusu saa hivi, na akichelewa maisha yake yako hatarini, na ya mama yake pia. Baada ya hapo, ndani ya saa moja mtoto awe amesimama. Ndani ya saa mbili awe ananyonya, kwa sababu mtoto wa farasi huzaliwa bila kinga mwilini na huipata kutoka kwenye dang'a ya mama katika saa za mwanzo tu. Ndani ya saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka lote, na mtu alitandaze chini alikague, maana kipande kilichobaki tumboni kinaweza kumletea mama sumu ya damu na kuharibu kwato zake. Mambo yote haya yanaisha kabla hakujapambazuka. Daktari wa mifugo akipigiwa simu saa nane za usiku atoke Nyeri mjini aje Kieni, mengi yatakuwa yameshaamuliwa. Aliyepo ni saisi.

Na saisi mzuri hakuanza kukesha usiku huo. Wiki kadhaa kabla ya hapo amekuwa akiangalia kiwele kinavyojaa, misuli ya karibu na mkia inavyolegea, matone ya nta kwenye chuchu. Yeye ndiye anayejua kwamba jike huyu hutembeatembea jioni kabla ya kuzaa na yule mwingine hula kama kawaida hadi dakika ya mwisho. Maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote kwa sababu yanamhusu farasi mmoja.

Kabla ya mimba pia kazi ni yake. Mwenye ng'ombe Nyeri akiona ng'ombe wake yuko joto humpigia mtu wa kupandisha, naye huja kwa pikipiki akiwa na mtungi wa mbegu. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred hawana njia hiyo. Kanuni ya dunia nzima ni kwamba mtoto wa farasi wa aina hiyo hasajiliwi ila kama dume na jike walikutana kimwili, kwa hiyo jike husafirishwa hadi aliko dume, hata kama ni ng'ambo ya Bonde la Ufa. Kumsafirisha siku isiyofaa ni kutupa fedha barabarani. Jike huingia joto takriban kila siku 21 na kukaa humo siku tano hadi saba. Nchi za kaskazini, majike hupumzika wakati wa baridi mwanga wa mchana unapopungua. Hapa Nanyuki, Ikweta inapopita, mchana haubadiliki na jike anaweza kuingia joto mwezi wowote. Ni faida kubwa, lakini pia inamaanisha hakuna msimu wa kupumua. Ukitaka mtoto kila mwaka, jike aliyezaa ashike mimba tena ndani ya siku 25 hivi. Mwalimu anayesahihisha karatasi hawezi kuzihesabu siku hizo kwa kumtazama farasi Jumamosi na Jumapili.

Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na visubi. Farasi wasio na kinga wakiupata, wengi hufa, wengine katika siku chache tu tangu dalili ya kwanza. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua, na Laikipia imejaa punda milia. Chanjo ipo na hutolewa kila mwaka, lakini haitoshi peke yake. Visubi hutoka jua likizama, kwa hiyo farasi warudishwe zizini kabla ya magharibi na wasitolewe hadi jua liwake. Magharibi mwalimu yuko kwenye matatu na muuguzi anapokea zamu. Vivyo hivyo na msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika. Kilichokwama ndani kimekwama. Dalili zake za kwanza ni ndogo: anaacha nyasi, anageuza shingo kutazama ubavu wake, anapiga chini kwa mguu wa mbele. Mtu anayemjua huona dakika hiyo hiyo na kumzuia kujibingirisha huku akiita daktari. Asiyemjua hudhani amelala.

Siku hizi tumezoea ukulima wa simu. Mtu yuko ofisini, Nairobi au hapa hapa Nyeri, anatuma pesa za dawa na chakula, anaulizia maziwa, anatumiwa picha. Nimeona ng'ombe wakifugwa hivyo na familia zikasomesha watoto. Kwa farasi picha huchelewa.

Historia ya nchi hii ina ushahidi wa hayo. Charles Clutterbuck, baba yake Beryl Markham, alifuga farasi Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, na hakuishi kwa farasi peke yao. Alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, na kinu ndicho kilichowalisha farasi. Ukame ulipopiga mwishoni mwa miaka ya 1910, alikuwa ameshatia saini mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa. Bei ya nafaka ikapanda, naye akaiheshimu mikataba hadi ikamla. Farasi wakauzwa, akahamia Peru. Wanaoanza ufugaji wakiwa na kazi nyingine wakae na kisa hicho: kazi ya pembeni inaweza kuwabeba farasi, na inaweza kuwazamisha nayo.

Binti yake alibaki, akapata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado kijana sana, wakati ambapo hakuna mwanamke mwingine Kenya aliyekuwa nayo. Miaka mingi baadaye, baada ya kuruka Atlantiki kwa ndege na kuishi Marekani, alirudi Kenya, akakaa kwa muda karibu na Nanyuki, kisha akawa mmoja wa wakufunzi walioshinda Derby ya Kenya mara nyingi. Jina lake linajulikana duniani kote. Mwenzake wa utotoni, arap Ruta, aliyekuwa naye mazizini na baadaye hata kwenye ndege, tunamjua kwa sababu moja tu: Beryl aliandika kitabu mwaka 1942 na kumtaja humo kwa heshima. Asingeandika, arap Ruta angetoweka kama walivyotoweka wengine wote.

Na wengine walikuwa wengi. Raymond Hook, mlowezi wa Nanyuki, anakumbukwa kwa kuwapandisha punda milia na farasi akapata wanyama chotara wa kubeba mizigo kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Alitafuta mnyama atakayestahimili maradhi ya huku. Alichopata hakizai, kwa hiyo kila kizazi kilianzishwa upya. Je, nani aliwakamata punda milia hao, akawazoeza kamba, akawatandika, akawapandisha mlimani kwenye baridi? Hatuna majina yao. Shika karatasi ya ratiba ya mbio: kuna mwenye farasi, mfugaji, mkufunzi, mpanda farasi, baba na mama wa farasi. Mama wa farasi ana jina. Aliyekesha akizaliwa hana.

Hili linaniuma kwa sababu ujuzi wa masaisi ndio urithi wa kweli wa farasi wa eneo hili. Walowezi wengi waliondoka. Wazee waliofanya kazi mazizini mwao walibaki na kuwafundisha watoto wao, na ndio maana hadi leo, Nanyuki, Timau na Naro Moru, unaweza kukuta mtu asiye na cheti chochote anayeweza kuugusa ukwato wa farasi kwa kiganja akakuambia una joto lisilo la kawaida. Vyuo vyetu vya afya ya mifugo, kama kile cha Nyahururu na kile cha Ndomba kule Kirinyaga, vimefanya kazi kubwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na ni haki, maana ndio mifugo ya wengi. Lakini nchi hii ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo. Fundi wa magari hupimwa akapewa cheti. Saisi apimwe pia, na fundi wa kwato naye.

Nimeshasikia hoja kwamba farasi ni anasa ya wazungu na Nyeri inahitaji maziwa. Maziwa tunayahitaji, na simshauri yeyote auze ng'ombe anunue farasi. Hesabu pekee inatosha kumtuliza mtu. Farasi wa kilo 450 hula kiasi cha kilo tisa za nyasi kavu kwa siku. Kwa robota la kilo 15, hayo ni marobota 18 kwa mwezi, 216 kwa mwaka, kwa farasi mmoja ambaye hanyonyeshi. Robota likiwa shilingi 300, unazungumzia shilingi 64,800 kabla ya nafaka, chumvi, dawa ya minyoo na ya kupe, chanjo na kukata kwato kila baada ya wiki sita hadi nane. Mwaka wa ukame bei hiyo haishikiki. Waliofuga Kieni na Laikipia kati ya mwisho wa 2020 na 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, hawahitaji kuelezwa. Kwa hiyo anayeanza na aanze na majike wawili, apande nyasi zake mwenyewe za Boma Rhodes, na ajenge ghala la nyasi kabla ya zizi la kupendeza. Lakini kusema mnyama fulani ni wa rangi fulani ya watu ni kuwasahau waliomtunza miaka yote hiyo. Farasi wa Mlima Kenya wamelelewa na mikono ya Waafrika tangu siku ya kwanza.

Kuna pia punda, na hapa ndipo tulipojifunza kwa uchungu jinsi uzao wa wanyama hawa ulivyo wa taratibu. Kieni punda ndiye anayeteka maji na kubeba kuni. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kwa ajili ya soko la ngozi la China, punda walianza kuibwa usiku. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Jike la punda hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja na huzaa mtoto mmoja, na kisu hakisubiri mwaka. Mwaka 2019 watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, walionya kwamba kwa mwendo ule punda wangekwisha nchini kufikia 2023. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuipiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote. Anayefuga farasi anategemea uzao wa kasi hiyo hiyo. Mtoto mmoja akifa kwa uzembe wa usiku mmoja, mwaka mzima wa jike umekwenda naye. Ndiyo sababu nasisitiza aliye zizini awe na cha kupoteza na cha kupata.

Kumgawia mtunzaji si jambo geni kwetu. Jamii nyingi za eneo hili ziliweka mifugo kwa rafiki au jirani, na aliyewatunza alitunukiwa katika uzao. Aliyepewa mbuzi wa watu akawazidisha, alirudi kwake na mbuzi wake. Hata Uingereza, kwenye mashindano yenye fedha nyingi, sehemu ya zawadi za mbio hugawiwa wafanyakazi wa mazizi. Ni sisi wa katikati, wa mshahara mdogo na ardhi ndogo, tuliorithi tabia ya mlowezi ya kumlipa saisi kama kibarua.

Wengine wataniambia saisi akishapewa sehemu atajiona mwenye shamba. Natumaini atajiona hivyo! Mtu anayejiona mwenye shamba haendi kulala jike akianza kutokwa jasho. Na kuhusu hofu ya udanganyifu, dawa yake ni daftari: tarehe ya kupandwa, jina la dume, tarehe ya kuzaa, saa aliyosimama mtoto, chanjo, dawa, marobota yaliyoingia na yaliyotoka. Liandikwe na saisi, lisomwe na wote watatu kila wikendi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wikendi yenyewe ina sheria yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Katika mabanda mengi ya mifugo huku milimani sheria hiyo haijawahi kubisha hodi. Mume na mke wa farasi hawawezi kuikwepa hata wakitaka, kwa sababu saisi aliyechoka huua farasi bila kukusudia. Jumapili ni yake. Siku hiyo mwalimu na muuguzi wavae buti, wazoe mbolea, wachote maji, wapige brashi. Watajifunza zaidi Jumapili hizo kuliko kwenye semina yoyote, na muuguzi atagundua kwamba mkono wake unaojua kutafuta mshipa wa mgonjwa unafaa sana mahali hapa.

Mkataba uwe mfupi, wa Kiswahili, wenye nakala tatu. Mshahara wa mwezi ubaki pale pale, na michango ya NSSF na bima ya afya ilipwe. Juu ya hapo, saisi apate fedha taslimu siku mtoto wa farasi anapoachishwa ziwa akiwa mzima, kwa sababu hakuna anayeweza kungoja miaka minne kwa ahadi tupu. Farasi akiuzwa, apate sehemu ya kumi ya bei. Mtoto akifa kwa ugonjwa usiozuilika, saisi asikatwe hata senti ya mshahara. Akiondoka jike akiwa na mimba, sehemu yake ipungue kwa kadiri ya miezi aliyokuwepo, lakini isifutwe. Na kwa kuwa mwalimu anaweza kupata barua ya uhamisho wakati wowote, kama maelfu walivyozipata tume ya walimu, TSC, ilipowatawanya walimu mbali na kwao kuanzia 2018, kuwe na kifungu kimoja zaidi: wenye shamba wakilazimika kuhama na kuuza, saisi awe wa kwanza kuulizwa kama anawataka majike hao, kwa bei iliyoandikwa mapema, alipe kidogo kidogo kutokana na watoto watakaozaliwa.